Amonia Imepanda na Bakteria Wako Hai: Kisa cha Chujio Lililoishiwa na Ualkali

Siku ya 7 tangu chakula kiongezwe, amonia ya jumla katika matangi ilikuwa miligramu 7.5 kwa lita, na samaki walikuwa wanakula kama kawaida. Jioni ya siku hiyohiyo zikamwagwa gramu 300 za chokaa iliyozimwa ili kupandisha pH. Kabla ya usiku wa manane samaki walikuwa wamesongamana penye bomba la kuingizia maji, wanahema juujuu, hawagusi chakula, na wale dhaifu wameanza kugeuka tumbo juu. Kati ya saa hizo amonia ya jumla haikuongezeka. Kilichobadilika ni sura yake.

Kisa hiki kimepangwa kutokana na mwenendo unaojirudia katika mifumo midogo ya kufugia samaki kwa kuzungusha maji, na hesabu zake zote zinaweza kurudiwa kwa kalamu na karatasi. Tunakichambua kwa kirefu kwa sababu makosa yake mawili, moja la polepole na jingine la haraka, yanatokana na dhana moja: kwamba amonia ikipanda, basi bakteria wa chujio wanaoiondoa wamekufa.

Mfumo na hali yake ya awali

Mfumo una lita 20,000 za maji. Matangi manne ya samaki huchukua lita 4,000 kila moja. Lita 4,000 zilizobaki zimegawanyika kati ya chujio la ngoma linalokamata kinyesi, tangi la pampu, na tangi la chujio la kibayolojia. Pampu husukuma lita 16,000 kwa saa, hivyo ujazo wote wa matangi ya samaki hupita kwenye chujio mara moja kila saa. Ndani ya tangi la kibayolojia mna mita 1 ya ujazo ya vibebeo, vile vijipande vya plastiki vyenye vyumba vidogo ndani, vinavyochezeshwa na hewa inayotoka chini. Aina iliyotumika ina mita za mraba 500 za eneo lililokingwa kwa kila mita ya ujazo, yaani eneo ambalo utando wa bakteria hukaa bila kusuguliwa na vibebeo vingine.

Samaki ni perege, kilo 150 kwa ujumla, katika maji ya nyuzi 28 za Selsiasi. Wanapewa kilo 3 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 35. Chujio lina umri wa wiki 14 na limekomaa. Kila siku asilimia 10 ya maji hubadilishwa, maji mapya yana ualkali wa miligramu 120 kwa lita (ukihesabiwa kama kalisiamu kaboneti, na hivyo ndivyo utakavyohesabiwa hapa mpaka mwisho), na kilo 1 ya bikaboneti ya sodiamu huongezwa asubuhi. Vipimo vya wakati huo vinaridhisha: amonia ya jumla 0.9, nitriti 0.2, pH 7.4, ualkali 72. Amonia na nitriti zote zimepimwa kama naitrojeni. Jambo hili si dogo. Vifaa vingi vya kupimia kwa matone husoma uzito wa molekuli nzima. Usomaji wa amoniamu huzidishwa kwa 0.78, na wa nitriti kwa 0.30, ndipo upate naitrojeni. Ukichanganya vipimo viwili katika daftari moja, utaona mlipuko usiokuwepo au utakosa kuuona uliopo.

Ualkali ndio mhusika mkuu hapa. Ni uwezo wa maji kumeza asidi bila pH kushuka. Maji mawili yanaweza kuwa na pH moja, 7.2, moja likiwa na akiba ya wiki nzima na jingine la kesho tu. Kipimo cha pH hakitakuonyesha tofauti hiyo.

Kilichobadilishwa, na hesabu ambayo haikufanywa

Samaki walifika kilo 225, na chakula kikapandishwa hadi kilo 4.5 kwa siku. Wiki hiyohiyo ubadilishaji wa maji ulipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi 5, ili kuokoa nishati ya kupashia maji mapya joto. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ni wa busara. Bikaboneti iliachwa pale pale, kilo 1.

Amonia inayotoka kwa samaki hukadiriwa kwa kuzidisha kilo za chakula kwa kiwango cha protini kisha kwa 0.092. Kilo moja ya chakula hiki hutoa 0.35 × 0.092, yaani gramu 32 hivi za naitrojeni ya amonia. Kwa kilo 3 ni gramu 97 kwa siku; kwa kilo 4.5 ni gramu 145. Bakteria wa kundi la Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha Nitrospira na Nitrobacter huigeuza nitriti kuwa nitrati. (Tangu 2015 inajulikana kwamba wako Nitrospira wanaoweza kufanya safari yote wenyewe, lakini hesabu ya asidi ni ileile.) Kila gramu ya naitrojeni inayopita njia hiyo hadi mwisho hutumia gramu 4.57 za oksijeni na gramu 7.14 za ualkali. Asidi hiyo yote huzaliwa katika hatua ya kwanza. Ya pili haizalishi asidi.

Sasa weka mapato na matumizi ya ualkali kama unavyoweka ya fedha.

Kabla ya mabadiliko, lita 2,000 za maji mapya zilileta gramu 240, na kilo 1 ya bikaboneti ilileta gramu 595, kwa sababu gramu 1.68 za bikaboneti ya sodiamu ni sawa na gramu 1 ya ualkali. Mapato yalikuwa gramu 835. Bakteria walitumia 97 × 7.14, karibu gramu 690. Gramu 145 zilizobaki ziliondoka na maji yaliyomwagwa, na ukigawa kwa lita 2,000 unapata miligramu 72 kwa lita. Ndicho kipimo kilichokuwa kinasomwa. Mfumo ulikuwa umetulia, ingawa bila akiba kubwa.

Baada ya mabadiliko, lita 1,000 za maji mapya zilileta gramu 120 tu. Ukijumlisha bikaboneti ileile, mapato ni gramu 715. Mahitaji ni 145 × 7.14, gramu 1,035. Upungufu ni gramu 320 kila siku, sawa na miligramu 16 kwa lita. Akiba ya miligramu 72, ambayo pia ilikuwa inapungua kidogo kwa maji yanayotoka, haikuweza kuvuka siku ya 4.

Na haikuvuka. Vipimo vya asubuhi vilikuwa hivi:

Siku ya 0: pH 7.4, amonia ya jumla 0.9
Siku ya 2: pH 6.9, amonia 1.0
Siku ya 4: pH 6.3, amonia 1.6
Siku ya 5: pH 6.2, amonia 3.6
Siku ya 6: pH 6.2, amonia 5.6
Siku ya 7: pH 6.2, amonia 7.5

Tazama mambo mawili. Kwanza, pH ilitangulia amonia kwa siku mbili nzima. Siku ya 2 amonia ilikuwa bado nzuri, na anayepima amonia peke yake angeandika "sawa" daftarini. Pili, tangu siku ya 4 pH haikuendelea kuporomoka. Ilisimama 6.2, na amonia ikapanda kwa kiasi kilekile kila siku, miligramu 2 hivi. Mwendo huo wa mstari ulionyooka ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki.

Bakteria walikuwa wanafanya nini

Chujio ambalo bakteria wake wamekufa huacha amonia yote ibaki majini. Gramu 145 katika lita 20,000 ni miligramu 7.2 kwa lita kila siku. Hapa ongezeko lilikuwa 2 tu. Maana yake sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado inafanyika. Ngapi hasa? Gawa mapato ya ualkali kwa mahitaji ya kila gramu ya naitrojeni: 715 kwa 7.14 ni gramu 100. Kati ya gramu 145 za amonia kwa siku, 100 ziliweza kugeuzwa na 45 zikabaki. Gramu 45 katika lita 20,000 ni miligramu 2.2 kwa lita, na ukiondoa kidogo kinachotoka na maji, unaipata ile 2 iliyoonekana. Bakteria walikuwa hai, wanafanya kazi sawasawa na bikaboneti waliyopewa, si gramu zaidi.

Ndiyo maana pH ilisimama. Ikishuka zaidi, bakteria hupunguza mwendo na asidi hupungua. Ualkali ukiongezeka kidogo asubuhi, huongeza mwendo na kuula tena. Mfumo ulikuwa umejipatia mizani mpya, yenye ualkali wa miligramu 15 hivi.

Kuna sababu tatu za wao kupunguza mwendo pH ikishuka. Bikaboneti ndiyo chanzo chao cha kaboni. Bakteria hawa hawajengi miili yao kwa kula uchafu, wanaijenga kwa kaboni isiyo ya viumbe iliyoyeyuka majini. Asidi yenyewe huvuruga vimeng'enya vyao. Kazi yao ni nzuri kati ya pH 7.2 na 8, hudorora chini ya 6.8, na karibu na 6 huwa hafifu sana. Sababu ya tatu husahaulika mara nyingi. Amonia majini huwa na sura mbili zinazobadilishana: amoniamu, yenye chaji, na amonia huru, isiyo na chaji. Nitrosomonas hula ile huru. Kwa nyuzi 28 na pH 7.4, asilimia 1.7 ya amonia ya jumla ni huru. Kwa pH 6.2 ni asilimia 0.11. Siku ya 0, yenye amonia ya jumla 0.9, chakula chao halisi kilikuwa miligramu 0.016 kwa lita. Siku ya 7, yenye 7.5, kilikuwa 0.008. Amonia ya jumla imeongezeka mara nane na bakteria wana njaa maradufu.

Hali hiyohiyo ndiyo iliyowalinda samaki. Kinachopenya matamvua na kudhuru ni amonia huru, na 0.008 haimsumbui perege. Samaki wakala vizuri mpaka jioni ya siku ya 7, na hamu yao ya kula ikachukuliwa kuwa dalili kwamba maji yanaweza kushughulikiwa bila haraka ya kufikiri.

Sababu nyingine zilizopaswa kuondolewa kwanza

Mchambuzi mwangalifu hafikii ualkali kabla ya kupitia mengine. Eneo la vibebeo lilitosha: gramu 145 kwa mita za mraba 500 ni gramu 0.29 kwa mita ya mraba kwa siku, mzigo ambao vibebeo katika maji ya nyuzi 28 huubeba. Oksijeni kwenye maji yanayotoka katika chujio ilikuwa miligramu 4.6 kwa lita. Kasoro huanza kuonekana ikienda chini ya 4, na chini ya 2 kazi hukwama kweli. Hakuna dawa iliyotiwa: si antibayotiki, si shaba, si maji ya bomba yenye klorini yaliyoingia moja kwa moja. Vibebeo vilikuwa vinazunguka vyote, bila kona iliyolala na kujaa tope. Tope likijaa, bakteria walaji wa uchafu, ambao wengine huongezeka maradufu ndani ya nusu saa, huwafunika wale wa amonia ambao huhitaji saa nyingi na hata zaidi ya siku nzima kujigawa mara moja.

Kupima amonia inayoingia na inayotoka kwenye chujio ni kipimo kizuri, ila katika kisa hiki kilipotosha. Kwa lita 384,000 zinazopita kwa siku, chujio linaloondoa gramu 100 hupunguza amonia kwa miligramu 0.26 kwa lita kila mpito. Kuingia 5.6, kutoka 5.3. Rangi za kifaa cha matone katika viwango hivyo haziwezi kutofautishwa na jicho. Ikaandikwa kwamba chujio "halifanyi kazi kabisa", na siku ya 6 zikamiminwa chupa mbili za bakteria wa kununua. Kuongeza wafanyakazi mahali ambapo malighafi imekwisha hakuongezi kazi. Bakteria hao waliingia kwenye maji ya pH 6.2 yasiyo na bikaboneti, wakakuta wenzao hai tayari wameshikilia nafasi zote. Chupa za aina hiyo zina faida wakati wa kuanzisha chujio jipya, pale utando haujakuwepo, na hata hapo kilo chache za vibebeo kutoka kwenye mfumo uliokomaa na usio na magonjwa hufanya kazi vizuri zaidi.

Kulikuwa pia na wazo la kutoa vibebeo na kuviosha kwa maji ya bomba. Bahati njema halikutekelezwa. Klorini ingeua utando, na kutoka hapo kurudi kwenye chujio lililokomaa ni wiki 4 hadi 8.

Chokaa, na kwa nini gramu 300 zilitosha kuua

Siku ya 7 maji yalikuwa na ualkali wa 15 na kaboni dioksidi ya miligramu 18 hivi kwa lita. Kaboni dioksidi hiyo ndiyo iliyoshikilia pH chini, na chokaa iliyozimwa huifuata hiyo kwanza: hidroksidi yake huungana na kaboni dioksidi na kuigeuza bikaboneti. Gramu 300 katika lita 20,000 zinatosha kuimaliza karibu yote. Kaboni dioksidi ikiisha, hakuna cha kuizuia pH, nayo hupaa hadi karibu 8 ndani ya muda wa maji kuchanganyika. Pale chokaa ilipomwagwa, kabla ya kuchanganyika, ilikuwa juu zaidi.

Kwa nyuzi 28 na pH 8, sehemu ya amonia iliyo huru ni asilimia 6.5. Ya 7.5 ni miligramu 0.49 kwa lita. Kutoka 0.008 hadi 0.49 ni mara sitini, ndani ya saa moja au mbili. Perege ni mvumilivu kuliko samaki wengi wa kufugwa, na ndiyo sababu walikufa wachache badala ya wote. Samaki wa jamii ya samoni wasingebaki.

Linganisha na bikaboneti. Ualkali uleule ulioletwa na gramu 300 za chokaa, miligramu 20 kwa lita, ungeletwa na gramu 680 za bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti haimezi kaboni dioksidi, kwa hiyo pH ingepanda kutoka 6.2 hadi 6.6 tu, na amonia huru ingekuwa 0.02. Kiasi kilekile cha ualkali, faida ileile kwa bakteria, na tofauti ya mara ishirini na zaidi katika sumu. Chokaa ina nafasi yake katika ufugaji wa samaki, mabwawani na katika kazi ya kila siku yenye pampu ya kudondoshea kidogokidogo. Haina nafasi katika tangi lenye amonia ya jumla iliyopanda.

Tahadhari hiyohiyo inahusu hewa. Kufungua hewa kwa nguvu zote hufukuza kaboni dioksidi na huinua pH bila kuongeza ualkali. Jaribio la ndoo, la kuchota maji, kuyapiga hewa kwa saa moja na kupima tena, lingeonyesha pH ikipanda juu ya 7 hata katika maji haya yaliyoishiwa, na mtu angehitimisha kwamba tatizo ni kaboni dioksidi peke yake. Ndoo haina samaki wanaopumua wala bakteria wanaotoa asidi. Ualkali hupimwa kwa kuutafuta wenyewe: chukua mililita 100 za sampuli, dondoshea asidi ya salfuriki ya nguvu ya 0.02 N hadi pH ifike 4.5, kila mililita ya asidi uliyotumia ni miligramu 10 kwa lita. Vifaa vya matone hufanya kitu hichohicho kwa rangi.

Kilichofanyika usiku ule

Chakula kilisimamishwa. Hewa iliachwa wazi, maana samaki waliojeruhiwa matamvua wanahitaji oksijeni ya juu, zaidi ya miligramu 6 kwa lita. Asilimia 40 ya maji ilibadilishwa kwa awamu mbili, maji mapya yakiwa yamepashwa joto na kuondolewa klorini kwa thiosalfeti ya sodiamu, miligramu 7 kwa kila miligramu ya klorini. Asidi haikutiwa ili kuishusha pH, na huo ulikuwa uamuzi sahihi: samaki wangepata mshtuko wa pili, na ualkali uliokuwa umeongezwa ungeliwa.

Baada ya kubadilisha maji, amonia ya jumla ilikuwa 4.5, ualkali karibu 69, na pH ikatulia 7.5. Amonia huru ilishuka hadi 0.1. Samaki walitawanyika kutoka penye bomba kabla ya alfajiri.

Inauma kutambua kwamba ubadilishaji uleule, ukifanywa bila chokaa, ungemaliza dharura peke yake. Kutoka ualkali wa 15, asilimia 40 ya maji yenye 120 ingeufikisha 57. pH ingekuwa karibu 7.0, na amonia huru 0.03. Hakuna samaki angekufa.

Nitriti iliyofuata

Ualkali uliporudi, Nitrosomonas waliamka ndani ya saa chache na amonia ikaanza kushuka kwa kasi. Siku ya 9 ilikuwa 1.9, siku ya 11 ilikuwa 0.7. Nitriti ikafanya kinyume: 1.8 siku ya 9, 3.4 siku ya 11. Bakteria wa hatua ya pili huumia kwa amonia huru mapema kuliko wa kwanza. Kuanzia kiwango cha miligramu 0.1 hadi 1 kwa lita huanza kuzuiwa, na usiku wa chokaa ulikuwa umewapitisha humo. Wakachelewa siku kadhaa huku wenzao wanamimina nitriti ya akiba nzima ya amonia.

Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya himoglobini ishindwe kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya udongo. Kloraidi hushindania mlango uleule, kwa hiyo kinga yake ni chumvi ya kawaida isiyo na nyongeza. Uwiano unaofaa ni kloraidi angalau mara 10 ya naitrojeni ya nitriti, na 20 ni salama zaidi. Miligramu 100 za kloraidi kwa lita zilichaguliwa: gramu 2,000 kwa mfumo mzima, na kwa kuwa chumvi ni kloraidi kwa asilimia 61, ziliyeyushwa kilo 3.3 kwenye ndoo kisha zikatiwa katika tangi la pampu. Kwa nitriti ya 3.4 uwiano ulikuwa karibu 29. Hapakuwa na vifo vya nitriti. Siku ya 15 ilikuwa chini ya 0.5.

Chakula kilirudishwa siku ya 9 kwa robo ya kipimo, kisha kikaongezwa kwa sehemu ya kumi ya kipimo kamili kila siku, kwa sharti kwamba amonia na nitriti za asubuhi ziwe hazijapanda kuliko jana yake. Siku mbili kati ya hizo kiliachwa palepale kwa sababu ya nitriti.

Utaratibu ulio sahihi ukikuta amonia ya juu na pH ya chini

Usiguse pH kabla ya kujua amonia ya jumla na joto. Simamisha chakula. Pima ualkali. Kisha jiwekee dari ya pH ambayo hutaivuka, kwa kiwango cha amonia huru cha miligramu 0.05 kwa lita. Kwa nyuzi 28 dari hizo ni: amonia ya jumla ikiwa 7.5, pH isizidi 7.0, ikiwa 4, isizidi 7.2, ikiwa 2, isizidi 7.5, ikiwa 1, inaweza kufika 7.8. Maji yakiwa ya baridi zaidi dari hupanda kidogo, yakiwa ya moto zaidi hushuka.

Tia bikaboneti ya sodiamu kwa vipimo vya kuongeza ualkali miligramu 20, yaani gramu 670 kwa mfumo wa lita 20,000, ikiwa imeyeyushwa kabisa na kutiwa taratibu kabla ya chujio. Subiri saa 6, pima pH na amonia, rudia. Ikiwa pH imekaribia dari, acha; bakteria watashusha amonia, na dari yenyewe itapanda. Badilisha maji kwanza ikiwa unayo yaliyo tayari, ukijua kwamba maji mapya huleta ualkali wake na pH yake, kwa hiyo nayo yamo katika hesabu. Kaa na chumvi mkononi tangu siku ya kwanza, maana nitriti itakuja.

Kipimo kipya cha kila siku

Kwa kilo 4.5 za chakula na asilimia 5 ya maji, lengo likiwa ualkali wa 100: bakteria watatumia gramu 1,035, maji yanayotoka yatachukua 100, maji mapya yataleta 120. Inayotakiwa ni gramu 1,015, sawa na kilo 1.7 za bikaboneti ya sodiamu kwa siku, karibu gramu 380 kwa kila kilo ya chakula. Mifumo mingi huendeshwa kwa gramu 150 hadi 250, na haiongopi: kwenye tope lisilo na oksijeni bakteria wengine hurudisha nitrati kuwa gesi ya naitrojeni na kurejesha karibu nusu ya ualkali, na wanaobadilisha maji mengi hupata mchango wa maji hayo. Anza na hesabu kamili, pima ualkali kila siku ya pili, kisha punguza kwa kadiri kipimo kinavyokuruhusu. Kugawanya kipimo mara tatu kwa siku kunasaidia pH isiyumbe.

Chakula kikipandishwa, bikaboneti ipandishwe siku ileile, asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza. Daftari la mfumo huu sasa lina safu ya ualkali kando ya safu ya chakula, na mpaka wa kuchukua hatua ni 70.

Kwa ubadilishaji wa asilimia 5, mengine mawili yatafuata. Naitrojeni yote ya gramu 145 ikitoka na lita 1,000 tu za maji, nitrati, ikipimwa kama naitrojeni, itaelekea miligramu 145 kwa lita kadiri wiki zinavyopita. Na kilo 1.7 za bikaboneti zina gramu 465 hivi za sodiamu, ambazo nazo hazina njia nyingine ya kutoka. Perege huvumilia vyote viwili. Mboga zikiwa zinamwagiliwa kwa maji hayo hazitavumilia sodiamu, na hapo inafaa bikaboneti ya potasiamu, gramu 2 kwa kila gramu ya ualkali: kilo 2 kwa siku badala ya 1.7.